Rangi Iliyolala Chini ya Chokaa

Ndelilio alikuwa amehakikisha kwamba Yassin hatakuwepo. Aliuliza mara mbili, kwa watu wawili tofauti, kwa sauti ya mtu asiyejali, ile sauti inayotumiwa hasa na wanaojali kupita kiasi. Wote walimjibu kuwa fundi Yassin yuko Kahe, ana nyumba anajenga huko, na harudi mpaka Ijumaa. Basi yeye akaja Jumanne.

Moshi mwezi wa saba ni mji wa watu waliojikunyata. Mlima unajifunika ukungu wiki nzima, jua likitoka ni kama limeazimwa, na mwenye upweke wake huuona umeongezeka uzito. Ndelilio alishuka kwenye bajaji juu kidogo ya Kiboriloni, pale barabara ya vumbi inapoanza kupanda kuelekea Kilema kwao, akafunga sweta vizuri na kusimama mbele ya lango lisilo na mlango.

Mahali hapo panaitwa Kwa Efendi, ingawa hakuna aliye hai aliyewahi kumwona huyo efendi, ofisa mweusi wa jeshi la kikoloni. Ilikuwa kambi ya jeshi. Wajerumani waliijenga kwa mawe, Waingereza wakaikalia na askari wao wa Keya, kikosi cha Waafrika, kisha nao wakaondoka. Kilichobaki ni nyumba ya kamanda isiyo na paa, ghala la baruti lililojaa popo, na safu moja ndefu ya vyumba vya askari. Humo wanaishi wajukuu na vitukuu wa askari wenyewe, watu ambao babu zao walitoka kila pembe wakaishia kuwa watu wa Moshi.

Kazi ya Ndelilio ilikuwa kuyapima majengo hayo. Hakuyapima kwa futi tu. Alitakiwa kupima uzito wake katika historia, lipi libaki na lipi lisihesabiwe. Eneo lilikuwa limepata mmiliki mpya, tajiri anayetaka kujenga hoteli ya wapanda mlima, na sheria ilitaka kwanza mtaalamu aseme kipi ni historia na kipi ni mawe ya zamani tu. Nyumba ya kamanda haikumpa shida. Ghala la baruti vilevile. Taabu ilikuwa safu ya askari. Madirisha yalikuwa yamebadilishwa, lipu ya saruji imepigwa juu ya mawe, mabati ni mapya, na mwisho wa varanda mtu alikuwa amejenga jiko.

Alimpigia simu mkuu wake wa kazi, Bi Stella, aliyekuwa ofisini Dar es Salaam.

"Safu ya askari imebadilika sura sana," alimwambia.

"Basi unajua la kufanya. Jengo likipoteza sura linaokolewa na kitu kimoja tu, desturi iliyozaliwa humo, kama bado inaishi humo. Ipo?"

"Sijui. Sijaingia ndani."

"Ingia. Lakini usiniletee desturi iliyokufa, Ndeli. Desturi iliyokufa tunaipiga picha. Haizuii katapila."

Ndelilio akakata simu. Hakumwambia Bi Stella kwamba ndani ya safu ile anaishi Bi Sikudhani, mama yake Yassin. Wala hakuna aliyejua kwamba ofisini walipotafuta mtu wa kwenda Moshi, yeye ndiye aliyenyoosha mkono kabla swali halijaisha. Miaka saba alikuwa Dar es Salaam, na bado alipika wali wa kikombe kimoja na kuula amesimama. Watu wa namna hiyo wakipata sababu ya kurudi walikoumia, huiita kazi.

"Hodi," alisema.

Bi Sikudhani alikuwa varandani akipepeta mchele. "Karibu." Akainua uso, na ungo ukasimama. "Ndeli?"

"Shikamoo, mama."

Marahaba ilichelewa kidogo, lakini ilikuja. "Marahaba, mwanangu. Umekonda."

"Ni Dar, mama. Joto."

"Joto halikondeshi mtu. Mbona wa Tanga wamenenepa?" Akamsogezea kigoda kwa mguu. "Kaa. Baba yako hajambo huko Kilema?"

"Hajambo kidogo. Miguu inamsumbua."

"Mungu amsaidie. Mwambie namsalimu," Bi Sikudhani alisema, na alisema kwa moyo mmoja, ingawa Mzee Primus huyo huyo, katekista mstaafu, aliwahi kuwapokea washenga wa Yassin wakiwa wamesimama, bila hata kuwapa pa kukaa.

"Nimekuja kikazi, mama."

"Najua. Mwenyekiti wa mtaa alipita, akasema anakuja mtaalamu kutoka Dar kuangalia kama nyumba zetu zina maana. Hakusema kwamba huyo mtaalamu ni wewe." Alitabasamu nusu. "Haya, zina maana?"

"Ndicho ninachotaka kujua."

"Mimi nimezaa humu watoto wanne, na mume wangu jeneza lake lilitokea humu. Lakini labda hiyo si maana ya serikali."

Ndelilio akatoa futi kwenye mkoba, kwa kuwa mikono ilitaka kazi.

Walipita chumba kimoja baada ya kingine, Bi Sikudhani mbele akipiga hodi kwa majirani, Ndelilio nyuma akipima unene wa kuta. Walipofika kwenye mlango uliopakana na chumba cha Bi Sikudhani mwenyewe, Ndelilio akasikia harufu ya chokaa mbichi. Kwenye kizingiti palikuwa na tone la rangi ya kijani ambalo hakuna aliyelikanyaga.

"Na hiki?"

"Hicho bado," Bi Sikudhani akajibu, akauvuta mlango ukafunga. Alisema haraka haraka, kama anayefukuza kuku. "Njoo huku."

Ndelilio alidhani ni ukarabati, akapita.

Chumba kilichofuata kilikuwa kitupu. Ndani mlikuwa na magunia mawili ya mahindi, baiskeli isiyo na gurudumu, na kuta nyeupe zilizofanya baridi ionekane kubwa zaidi.

"Hiki analala nani?"

"Hakuna."

"Tangu lini?"

"Tangu siku nyingi." Bi Sikudhani alimtazama kidogo, kisha akageuka. "Ngoja nikaangalie chai."

Ipo njia ya kuuhoji ukuta. Unachagua mahali nyuma ya mlango, pasipofika jua wala mikono ya watu, unakwangua kwa kisu kidogo tabaka la juu la rangi. Ndani ya hapo unakwangua la pili, kwa upana mdogo zaidi, na kuendelea hivyo mpaka ukuta unakuonyesha ngazi ndogo ya rangi, kutoka ya mwisho kupakwa hadi ya kwanza. Ndelilio alikuwa hodari wa kazi hiyo. Alipiga magoti na kuanza.

Juu palikuwa na nyeupe, nzito, imepakwa zaidi ya mara moja. Chini yake ikatokea njano.

Kisu kikasimama. Aliijua njano ile. Haikuwa njano ya maduka ya simu, wala ya kuta za ofisi. Siku moja, wakiwa wamekaa ukingoni mwa mfereji kule Kilema, miguu imo kwenye maji baridi, Yassin alimuuliza angependa chumba cha rangi gani. Yeye akanyoosha kidole kwenye mkungu wa ndizi uliokuwa juu yao. "Ile inayoanza kuiva," alisema. "Isiwe njano kabisa. Iwe na kijani kwa mbali." Yassin akacheka. "Hiyo hawauzi dukani." Naye akamjibu, "Si wewe ni fundi? Utachanganya."

Rangi ni rangi, Ndelilio alijiambia, na watu wengi hupenda njano. Akaendelea kukwangua. Chini ya njano palikuwa na bluu, chini ya bluu waridi, kisha nyekundu ya udongo, na mwisho kabisa chokaa nyeupe ya jeshi na mstari mweusi wa lami uliopigwa usawa wa goti.

Bi Sikudhani akaingia na vikombe viwili vya chai ya tangawizi.

"Mama, rangi hizi zina habari gani?"

Mama wa watu akaweka vikombe juu ya gunia, akainama, akagusa ile bluu kwa ncha ya kidole. "Hii ni mimi."

"Kivipi?"

"Ni mimi. Nilipoletwa hapa bibi harusi, chumba kilikuwa bluu. Hii ya waridi ni mama mkwe wangu. Na hii ya udongo ni bibi yake marehemu mume wangu, aliyeolewa na askari. Zamani vyumba vyote vilikuwa vyeupe, ilikuwa amri. Sasa bibi huyo akafika, akasema yeye halali hospitali." Akacheka peke yake. "Efendi akaona aibu, akatoa ruhusa. Askari akioa, chumba kipakwe rangi anayoitaka bibi harusi. Ndiyo ikawa desturi yetu, safu nzima. Kila harusi na rangi yake."

Ndelilio alisahau kwa muda kwamba alikuwa na moyo wenye kidonda. Alishika mkono wa Bi Sikudhani kwa furaha. "Mama, hiki ndicho nilichokuwa nakitafuta. Hii ndiyo historia. Si madirisha, ni hii. Na bado mnafanya?"

Bi Sikudhani akautoa mkono taratibu, akachukua kikombe chake. "Watoto wengi wameondoka," akasema. "Wako Arusha, wako huko huko kwenu Dar. Wanaoa kwenye kumbi."

"Lakini hapa, kwenye safu hii. Chumba cha mwisho kupakwa kwa ajili ya harusi ni kipi?"

"Kunywa chai, inapoa."

"Mama, nisikilize. Desturi ikiwa hai, nyumba hizi zinabaki. Ikiwa imekufa, siwezi kuzisaidia. Wataleta katapila kabla ya Krismasi."

"Nimekuelewa, mwanangu. Nimekuelewa vizuri sana." Bi Sikudhani alitazama kule kwenye mlango uliofungwa, akarudisha macho kwenye kikombe chake. "Ila kuna maneno mtu hayatoi, hata nyumba ikiungua."

"Basi niambie hii njano. Ilikuwa harusi ya nani?"

"Hiyo kamuulize aliyeipaka. Nimempigia simu, yuko njiani."

Akatoka, akamwacha Ndelilio na ukuta wake.

Njano ilikuwa ya mwisho. Juu yake hapakuwa na harusi nyingine, palikuwa na weupe tu. Hesabu hiyo haikuhitaji mtaalamu. Kama njano ile ilikuwa yake, basi desturi iliyovuka Wajerumani na Waingereza ilikuja kukatikia kwake yeye, binti wa Mzee Primus, na sasa ametumwa kuja kuandika kwamba imekufa. Aliketi juu ya gunia la mahindi. Chai ilipoa mkononi, ukungu ukaingia mpaka mlangoni, na kwa mara ya kwanza tangu afike Moshi akajisikia yuko mbali na kwao kuliko alivyowahi kuwa Dar.

Pikipiki ilisikika ikipanda, ikazimwa. Hatua zikaja varandani, zikasimama.

"Karibu Moshi," Yassin alisema kutoka mlangoni.

Alikuwa amepanuka mabega. Mvi mbili tatu zilikuwa zimemwahi kidevuni, na macho yalikuwa yale yale, ya mtu anayesikiliza hata wakati hujasema kitu. Ndelilio alikuwa amejiandaa kwa sura nyingine, ya mtu aliyechakaa au aliyemsahau. Hakujiandaa kwa hii.

"Ahsante. Niliambiwa uko Kahe."

"Niliambiwa uko ukutani kwangu." Aliingia, akauona mkwanguo nyuma ya mlango. Kisha akasema taratibu, "Kumbe umeifikia."

"Uliipaka lini?"

"Ule mwaka. Kabla ya Kwaresima yenu."

"Haiwezekani." Ndelilio alisimama. "Baada ya Pasaka tulikaa pale sokoni Kiboriloni, nikakuuliza chumba kimefikia wapi. Ukasema bado."

"Nilisema bado."

"Jumamosi iliyofuata nikakuuliza tena. Ukasema bado kidogo."

"Ndiyo."

"Na kilikuwa hivi?"

"Kilikuwa hivi. Kitanda kilikuwa pale, mama ameshatandika. Pazia nililileta kutoka mjini."

"Yassin, sasa kwa nini ulinidanganya?"

Alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapumua. "Sikukudanganya. Chumba cha bibi harusi hakisemwi kimekwisha. Hata kama kimekwisha, hata kama kitanda kinanukia udi, ukiulizwa unasema bado, mpaka mguu wake mwenyewe ukanyage ndani. Ukitamka kimekwisha kabla yake, umeikaribisha husuda itangulie kulala. Mama hasemi, majirani hawasemi, hata watoto hawasemi. Nilidhani unajua."

"Ningejuaje?"

"Kila mtu kwenye safu hii anajua."

"Mimi si wa safu hii. Mimi ni wa Kilema." Sauti ilimkatika. "Kwetu mwanaume anajenga kwenye kihamba, shamba la ukoo, mchana, watu wote wanaona. Kuanzia msingi ukoo mzima unakuja, wanagonga kuta kwa vidole. Akisema bado, ni bado. Baba alikuwa ananingoja barazani kila nikirudi. 'Huyo kijana ana chumba?' Nasema bado, baba. Wiki ijayo, bado, baba. Mpaka siku moja akaniambia, 'Ndelilio, mimi sina vita na msikiti. Lakini mwanaume anayesema bado miezi yote hii, chumba hana, na nia hana.'"

"Na wewe ukamwamini."

"Nilimkatalia. Nikamkatalia sana. Halafu ukasema bado tena, na barua ya chuo ilikuwa imeshafika." Alifuta uso kwa mkono wa sweta. "Nikadhani unamwogopa mama yako. Nikadhani unatafuta namna ya kunichosha ili niondoke mwenyewe. Basi nikaondoka mwenyewe."

"Bila kuniaga."

"Ningekuaga ningebaki."

Nje Bi Sikudhani alikuwa akipepeta tena ule mchele, na ungo ulisikika wazi.

"Ungeniambia mara moja tu," Ndelilio alisema. "Hata kwa kunong'ona."

"Na wewe ungeniuliza mara moja tu kwa nini." Yassin alisema bila hasira, na hiyo ndiyo iliyouma. "Tulikuwa wajinga wawili, Ndeli. Kila mmoja alidhani desturi ya kwao ndiyo dunia."

"Na hii nyeupe ya juu?"

"Hiyo ni mimi. Niliposikia umesharipoti chuo. Nilidhani nitapaka mkono mmoja, nimalize. Ikakauka, nikakuta njano inaonekana kwa chini. Nikapaka wa pili. Asubuhi nikaja, bado inaonekana. Njano haifunikiki upesi, fundi yeyote atakwambia." Alijaribu kucheka. "Nikaishia kupaka mpaka chokaa ikaniishia."

Kama ni kulia, Ndelilio alilia hapo. Hakulia kwa sauti; machozi yalimshuka tu, naye akayaacha. Alikuwa amempenda mwanaume huyu kwa moyo wote na akamkimbia kwa ajili ya neno moja. Kwa miaka yote hiyo chumba chake kilikuwa kimesimama hapa, kimepakwa, kimetandikwa, kikimngoja, halafu kikafunikwa na kujazwa mahindi. Maji yakimwagika hayazoleki, wahenga walisema, lakini wahenga hawakusema mtu afanye nini akiyakuta bado yanalowesha sakafu.

"Ningejua, ningekuja," alisema. "Ningeshuka kwa miguu kutoka Kilema."

"Najua."

"Huko Dar sina mtu, Yassin. Sijawahi kuwa na mtu. Nina kazi tu."

"Mama aliniambia umekonda," Yassin akasema, na alikuwa amesogea karibu kuliko alivyokusudia.

"Na wewe? Hujaoa?"

"Sijaoa."

Tumaini ni kitu kisicho na adabu. Halingoji ruhusa. Ndelilio alilihisi likimpanda, akasahau katapila, akasahau Bi Stella, akamwona baba yake akiwa mzee wa miguu mibovu ambaye pengine safari hii angesikiliza. Alitaka kusema, hatujazeeka. Mdomo ulikuwa umeshafunguka.

"Nipe hicho kisu, utajikata," Yassin akasema, akanyoosha mkono kukipokea. Mkono ukageuka, na Ndelilio akaona rangi juu ya kifundo, mahali ambapo mafuta ya taa hayakufika alipokuwa akijisafisha. Ilikuwa kijani.

Aliitazama kijani ile kwa muda mrefu. Akakumbuka tone la kizingitini na harufu ya chokaa mbichi. Akamkumbuka Bi Sikudhani akiuvuta mlango kwa haraka na kusema, hicho bado. Akaelewa ni maneno gani yale ambayo mama huyu hakuweza kuyatoa hata kwa kuiokoa nyumba yake, na kwa nini alimpigia simu mwanawe ambaye naye, kwa desturi ile ile, hakuweza kuyatoa.

Ilikuwa lazima aulize. Kazi ilimtaka aulize, na moyo ulimtaka zaidi ya kazi.

"Chumba cha pili, kile kilichofungwa," alisema. "Sijakipima. Kimekwisha?"

Yassin aliinua macho. Aliona kwamba ameshajua, na uso wake ukapita mambo mengi kwa wakati mmoja, huruma na aibu na kitu kingine cha zamani ambacho hakikuwa kimekufa. Ndelilio aliomba asikie "kimekwisha". Kimekwisha ingekuwa stoo mpya, au chumba cha mpangaji, au jiko. Kimekwisha ingekuwa chumba kisichongojewa na mtu.

"Bado," Yassin akasema.

"Bado," akarudia Ndelilio, kwa sauti ndogo.

"Bado, Ndeli."

"Na hiki?"

Yassin alizitazama kuta nyeupe, magunia, na ule mkwanguo nyuma ya mlango. "Hiki kilikwisha," alisema. "Siku nyingi."

Hakuna aliyemgusa mwenzake. Ndelilio alipangusa kisu kwa kitambaa, akakikunja, akakitia mkobani pamoja na futi. Alifanya polepole, maana alijua akimaliza hapatakuwa na sababu nyingine ya kubaki.

"Ni wa Kahe?"

"Ni wa Kahe. Anaitwa Shamsia."

"Anajua kwamba kwenu mnasema bado?"

"Nilimwambia siku ya kwanza," Yassin alisema. "Nilijifunza."

Hilo ndilo lililomvunja zaidi ya yote, ila aliitikia kwa kichwa kwa upole na kusema ni vizuri. Kwenye varanda alipiga goti kidogo kumuaga Bi Sikudhani. Mama huyo alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akaushikilia, unga wa mchele ukabaki kwenye vidole vyao wote.

"Umepata ulichokitafuta, mwanangu?"

"Nimepata, mama. Nyumba itabaki."

"Mungu akulipe."

"Amina, mama."

Langoni ukungu ulikuwa umeshuka kabisa. Hapakuwa na bajaji. Akapiga simu akiwa anatembea kuteremka, ili akilia ionekane ni baridi.

"Safu ya askari," alimwambia Bi Stella, "ni daraja la kwanza."

"Asubuhi ulisema imepoteza sura."

"Imepoteza. Lakini ina desturi. Tangu enzi za jeshi, kila bibi harusi anapakiwa chumba rangi yake. Tabaka zote nimezipata ukutani, zimefuatana."

"Nzuri sana hiyo. Na bado wanafanya, au tunazungumzia marehemu?"

"Wanafanya. Wanaoa."

"Rangi ya mwisho ni ipi?"

Ndelilio alisimama. Chini Kiboriloni ilisikika bila kuonekana, watu wakiitana sokoni. "Kijani," akasema.

"Hicho chumba cha kijani umekiona?"

"Hapana."

"Wenyewe wanasema kimekwisha?"

Neno la kimekwisha lilikuwa hapo ulimini, dogo, la kweli, na lingemaliza kazi. Aliwaza kitanda kilichotandikwa nyuma ya mlango ule, na msichana wa Kahe ambaye hamjui, ambaye mguu wake haujakanyaga ndani. Akalimeza.

"Andika desturi iko hai," alisema. "Picha nitakutumia baada ya harusi."

"Sawa. Na chumba? Niandikeje kuhusu chumba?"

"Chumba," Ndelilio akasema, "andika bado."